Kutapeliwa ni pale bei inapodanganya

Mwandishi, umesema akina mama wanaonunua mikoba feki ya Louis Vuitton hapa Moshi wanatapeliwa. Wanatapeliwa wapi, kaka? Mkoba wa elfu thelathini pale soko la Memorial, nani hajui kwamba haujatoka Paris? Muuzaji mwenyewe anakwambia ni kopi. Mteja anavuta zipu mara mbili tatu, ananing'inia kwenye mkanda kuona kama utakatika, anaomba apunguziwe. Habari za herufi za LV hata haulizi.

Utapeli uko Instagram. Mzigo uleule wa Guangzhou uliopitia Kariakoo unaandikwa "orijino" na kuuzwa laki nne. Hao ndio wa kuandikwa.

Na wajuaji wa mtandaoni nao wapunguze. Wanasema ukiona LV zimepinduka kichwa chini, hiyo ni feki. Si kweli! Mkoba wao uitwao Speedy, ule wa kawaida, orijino kabisa, turubai lake ni kipande kimoja kinachopita chini ya mkoba, kwa hiyo upande mmoja herufi husimama, wa pili hupinduka. Angalieni mpini: ngozi halisi isiyopakwa rangi hukolea hudhurungi kadiri inavyoshikwa. (Kuigana nako si kwa juzi, michoro hiyo ya LV ilibuniwa 1896 ili kuwakomoa waigaji hukohuko Ufaransa.)

FCC, yaani Tume ya Ushindani, wana Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ya kukamata feki, wafanye kazi yao, sikatai. Ila waanze na breki pedi feki za bodaboda, mikoba isubiri foleni.