Episodi Nane, Mkono Tu Ndo Umeguswa

Jamani mwenzenu nimeshona zipu ya suruali ya mteja kwa nyuma. Kwa nyuma kabisa, pale kwenye mshono wa makalio, na suruali yenyewe ya harusi, na mwenyewe ni baba mmoja mnene asiyecheka hovyo. Kaniuliza fundi hii nini, nikabaki nakodoa tu, maana ningemwambia nini, kwamba kwenye tamthilia ya Kijapani kuna kijana mmoja wa Tokyo alisimama na binti chini ya mwamvuli mmoja, mvua inanyesha, macho wanayo, midomo wanayo, mimi nasubiri aseme neno, neno moja tu, cherehani inatembea yenyewe, mguu wangu unakanyaga tu, na yule kijana baada ya kumeza mate mara tatu akasema "kesho itakuwa baridi"?

Ndo hivyo nikamaliza zipu.

Kosa ni la shemeji. Mimi nilikuwa na amani yangu na Wakorea waliotafsiriwa na Wafilipino waliotiwa sauti, maana ile unaangalia kwa masikio, mikono inashona, mtu akilia unasikia, akipigwa kibao unasikia, unainua kichwa pale pa muhimu tu. Sasa shemeji kaja na flashi, anasema shem hizi ni za Kijapani ni tofauti, kweli ni tofauti, hazijatafsiriwa na mtu yeyote, kuna maandishi ya chini ya Kiingereza yanapita kama panya, na Kiingereza changu mimi kiliishia gudi moningi ticha. Kwa hiyo Zai binti yangu wa fomu tuu ndo anatusomea. Zai akisinzia tunabaki kubahatisha kwa sura, na sura ya Mjapani kwenye mapenzi haikusaidii kitu, kafiwa ile ile, kapendwa ile ile.

Zinaenda kwa msimu kama kilimo. Januari zinaanza mpya, Aprili mpya, Julai, Oktoba, kila wiki episodi moja, zikifika kumi au kumi na moja imeisha, ondoka. Sio kama zile nyingine unaanza mtoto yuko tumboni unamaliza mtoto ana mtoto. Ungedhani basi kwa kuwa wana episodi kumi tu wangefanya haraka! Thubutu. Ya kwanza wanagongana. Ya pili wanaombana radhi kwa kugongana. Ya tano mmoja kaumwa mafua, mwenzie kamletea uji wa wali na kumbandikia kile kiplasta cha baridi kwenye paji la uso, wote wametazama chini. Ya nane mkono umegusa mkono na muziki juu. Ya tisa kampuni inamhamishia New York, sijui kwanini kampuni za kule kila kijana akianza kuchangamka tu wanampeleka New York. Ya kumi anakimbia.

Hilo la kukimbia naomba nilisemee. Tokyo ina treni ina teksi ina kila kitu, lakini Mjapani akishajua anapenda, anakimbia kwa miguu. Na suti. Na viatu vya ofisini. Kuna moja ya 1996, Long Vacation, yenyewe haisubiri hata mwisho, inaanza tu bibi harusi kavaa kimono ya harusi anakatiza mtaani mbio kwenda kumfuata bwana harusi nyumbani, kumbe bwana harusi keshatoroka, na pale nyumbani yupo kijana mpiga piano tu aliyekuwa anaishi naye. Wengine waliona mapenzi. Mimi kama fundi niliona kitambaa kile kizito na ile mikono mirefu inaburuzika, nikawa naumia mishono.

Kitu kimoja nitawasifu. Mama mkwe yuko kwetu mwezi wa pili sasa, kaja kutibiwa mguu, na mnajua ilivyo kukaa sebule moja na mama mkwe tamthilia ikianza kuchemka, rimoti haionekani, unakohoa, unajifanya unaenda kuangalia kama maji yanatoka, nimeangalia maji ya watu mpaka majirani wakadhani mimi ndo nalipa bili. Kwa Mjapani hakuna shida hiyo. Busu lenyewe likija, kama likija, wamesimama wima mikono imenyooka kama watu wanaopimana nani mrefu, mdomo umefika pale ukatulia tuli, kamera inazunguka, hakuna anayepumua. Mama mkwe anasuka ukili wake wala hainui uso, anasema hawa watoto wana adabu.

Adabu! Mimi naita domo zege. Taifa zima. Treni zao zinafika kwa dakika lakini neno nakupenda linachelewa miezi mitatu. Na wameliwekea sherehe kabisa, linaitwa kokuhaku, yaani mnaweza kula pamoja, kunywa pamoja, kukosa treni ya mwisho pamoja, bado nyinyi si chochote mpaka mmoja asimame ainame aseme nakupenda naomba tuwe wachumba, kama anaomba kazi. Asiposema hamjaanza. Wenzetu wanaume wa huku sera zinamwagwa kabla daladala haijatoka kituoni.

Sasa kuna mmoja alijaribu kusema, mkaone kilichompata. Tokyo Love Story, ya 1991, ya zamani lakini shemeji kaipata. Binti anaitwa Rika, huyu haumi maneno, anamwambia kijana hadharani nakupenda, anacheka kwa sauti, na Zai kanisomea sehemu kwamba kwenye kile kitabu cha katuni kilichotangulia Rika amekulia Zimbabwe, nikasema naaam, mwanetu huyo, ndo maana ana mdomo! Basi kijana mwenyewe, Kanji, anapepesuka kama bendera, leo Rika kesho Satomi mtoto wa shule waliyosoma wote. Siku anataka kutoka kwenda kwa Rika, Satomi kaja mlangoni kashika oden. Oden ni mchemsho, figili humo, mayai humo, vijikate vya samaki. Kijana hakutoka. Jamani, mapenzi yameuawa na mchemsho wa figili! Ingekuwa pilau ningeelewa, ningesema shetani kamzidi, lakini figili? Mwisho Rika kapanda treni ya mapema kuliko waliyopanga, kijana kafika stesheni kakuta leso imefungwa kwenye chuma, imeandikwa kwaheri kwa lipstiki, na baadaye tunaonyeshwa kamuoa mwenye figili. Mke wangu siku mbili hakunisemesha, na mimi si Kanji.

Mwaka huo huo wakatoa nyingine ambayo nilisimama nikapiga makofi, 101st Proposal, jamaa ana miaka 42, katoswa mara 99. Tisini na tisa. Na si kutongoza huko, ni kwa mshenga, wenzetu nao wana mshenga, wanaita omiai, unakalishwa na binti mezani mnaangaliana kwa heshima kisha jibu linatumwa. Majibu 99 yote hapana. Ya 100 anakutana na dada mpiga sello, lile zeze kubwa la kukalia, mzuri mno, na dada anaogopa kupenda maana mchumba wake wa kwanza alikufa kwa gari. Sasa yule bwana ili kumthibitishia afanyeje? Kajirusha mbele ya lori. Lori likafunga breki. Kasimama pale taa zinammulika anapiga kelele sifi mimi, sifi kwa sababu nakupenda! Nikawaza hapa kwetu angejirusha mbele ya lori la mchanga, breki zenyewe za maombi, tamthilia ingeishia episodi hiyo hiyo na dereva angeteremka kumtukana marehemu.

Tatizo langu hasa lilianza na ile ya 2016. Jina lake refu la Kijapani wanalifupisha Nigehaji. Mwanaume mfanyakazi wa kompyuta, hajawahi kuwa na mtu, na dada msomi mwenye shahada mbili aliyekosa ajira, anaenda kumfanyia usafi. Wakaona mbona tunaelewana, wakaandikishana ndoa ya mkataba, mume ni bosi, mke ni mwajiriwa, analipwa yeni 194,000 kwa mwezi, kufagia, kupika, kufua. Zai akasoma hiyo. Nikamuona mke wangu anageuza shingo polepole kama feni iliyokatiwa umeme. Hakusema kitu. Kwenye episodi ya kumi yule bwana anataka sasa ndoa ya kweli, kapiga mahesabu, kaona wakioana kweli mshahara ule haulipwi tena, hela inabaki, na dada akamwambia huko ni kunyonya mapenzi ya mtu. Zai hilo kalirudia mara mbili kwa sauti bila kuombwa. Asubuhi nimekuta kwenye daftari langu la madeni ya wateja, chini ya yule wa magauni matatu, limeandikwa jina langu, na mwezi wa kwanza ni wa mwaka tuliooana.

Nikaja juu. Nikasema kwenye ile sebule, mbele za watu, kwamba hawa Wajapani watatuharibia nyumba, hawa ni watu waoga, mwanaume gani anashindwa kumwambia mwanamke nakupenda miezi mitatu, mwanaume ni kusema!

Mama mkwe akaweka ukili chini.

Akasema, "Baba Zai mwanangu, wewe ulisema lini?"

Kimya. Nilitulia kama maji ya mtungi. Maana mke wangu alikuwa anauza maandazi na shangazi yake pale njia panda, na mimi miezi saba nilikuwa napita kila asubuhi, nasema "ya mia mbili," nachukua, naondoka. Miezi saba, ukihesabu kwa msimu wa Mjapani ni tamthilia mbili zimeisha na ya tatu iko mbioni. Nilinenepa. Halafu siku moja akaja mjomba wangu na barua ya posa na kishika uchumba kwenye bahasha, mimi niko nyumbani nimelala kifudifudi naumwa tumbo la uoga. Kila kitu kasema mjomba. Hata siku ya ndoa neno nililotoa ni nimekubali, na nilimwambia shehe.

"Hata mimi nilidhani anapenda maandazi," mke wangu akasema, huku Zai anacheka mpaka anadondosha rimoti.

Basi imepitishwa hukumu. Kwenye ile Nigehaji wale wawili walikuwa hawajui waanzeje, wakapanga siku ya kukumbatiana, Jumanne kila wiki, kama ratiba ya kazi. Na kwenye daftari langu la madeni sasa kuna mstari mpya, Jumanne, umepigiwa mistari miwili chini.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilifunga cherehani mapema, ile suruali nimeshaifumua na kuirudisha zipu mahali pake, nikaoga, nikachana nywele. Bahati ikawa mbaya au nzuri sijui, luku ikakata, tivii giza, mama mkwe sebuleni anasuka ukili gizani kama kawaida, mke wangu jikoni anapuliza moto. Nikaenda mpaka mlango wa jiko. Nikasimama. Mikono nikaiona ni mirefu haina pa kukaa. Akageuka akaniangalia na moshi umemjaa machoni.

"Unataka nini?"

Nikameza mate mara tatu.

"Naona," nikasema, "naona mvua itanyesha."

Zai kule chumbani akaita kwa sauti, "Baba, hiyo episodi ya ngapi?"