Kosa si raba nyeupe, ni soli

Ndugu mwandishi, nimecheka sana ulipoeleza wageni wa Dar walivyoshuka kwenye boti pale Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma, na raba nyeupe, mmoja kabeba spika. Ila rangi haina kosa, tatizo ni soli. Soli bapa ya mjini haina meno, na zile njia za kupanda mlimani kuwaona sokwe zina majani makavu juu ya udongo mkavu. Kwenye mteremko unateleza kama umekanyaga mawese.

Kupanda kunachosha, kushuka ndiko kunakoumiza. Kidole gumba kinagonga ncha ya kiatu kila hatua, jioni ukivua soksi kucha imeshakuwa nyeusi. Kata kucha siku moja kabla, na mkifika juu kaza upya kamba hapo kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Watu wengi wanakaza asubuhi tu, basi.

Maji lita 2 kila mtu, soda isihesabiwe. Viazi vitamu vya kuchemsha na karanga vinatosha. Chipsi kuku zitachacha begini. Na jamani, chakula kisionekane ufukweni, nyani wanapora mkononi!

Anayehema kuliko wote akae mbele, nyuma ya mwongozaji, la sivyo kundi linakatika vipande viwili. Mwenye mafua abaki Kigoma mjini hata kama ameshachanga nauli, maana sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na wanakufa. Spika nayo ibaki hukohuko.