Presha na mafuta: tusiache dawa kwa sababu ya karatasi ya majibu

Shangazi yangu alipopima mafuta kwenye damu, trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta hayo, zilikuwa juu. Mtu akamwambia, "Ni hiyo dawa yako ya presha." Jioni hiyohiyo akakifungia kipakiti drooni. Nilikikuta wiki mbili baadaye, vidonge sita havijaguswa. Tulipompima, mashine ilisoma 178 kwa 104.

Kinachoniuma ni kwamba aliyemshauri hakusema uongo. Atenololi aliyokuwa akimeza, sawa na propranololi, huweza kupandisha trigliseridi na kushusha HDL, yale mafuta mazuri. Lakini dawa za jamii hiyo haziachwi ghafla: moyo huanza kwenda mbio, presha hurudi kwa kishindo, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Hilo hakuambiwa.

Dawa za presha za kukojoza, za kundi la thiazaidi, nazo hupandisha kolesteroli, hasa zilipokuwa zikitolewa kwa miligramu 50 na zaidi. Kwa dozi za siku hizi, 12.5 hadi 25, badiliko ni dogo. Dawa nyingine za presha, kama amlodipini, losatani na enalaprili, haziyagusi mafuta kwa kiasi cha kumsumbua mtu.

Kwangu mimi, swali la maana ni kama dawa inamkinga mgonjwa na kiharusi na moyo kushindwa kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT ulilijibu vizuri. Doksazosini, dawa ya presha inayoyaboresha mafuta kidogo, iliondolewa kwenye utafiti huo mapema mwaka 2000 kwa sababu waliotumia walipata moyo kushindwa kazi mara mbili ya waliotumia klorthalidoni. Na hiyo klorthalidoni, ambayo ni ya kukojoza na ilipandisha kolesteroli kidogo, ilizuia mashambulio ya moyo sawasawa na amlodipini na lisinoprili. Majibu hayo yalitoka 2002, na bado watu wanatishwa na karatasi ya maabara.

Daktari alimpunguzia shangazi atenololi polepole huku akimwanzishia losatani. LDL, yale mafuta mabaya, ilipoonekana nayo iko juu, akaandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Ingekuwa rahisi zaidi kama mafuta yangepimwa kabla ya kidonge cha kwanza, kisha tena baada ya miezi michache. Bila kipimo cha mwanzo, hakuna aliyeweza kutuambia kama trigliseridi zile zililetwa na dawa au zilikuwapo tangu zamani.