Mbegu mpya za muhogo: ya babu ni ipi na ya maabara ni ipi?

Ukitaka kuujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia usiangalie shamba, angalia sinia. Mwaka juzi nilikuwa kwa mama mkubwa huku Newala tunamenya muhogo, shamba nimelipita asubuhi liko kijani zuri tu, majani ya chini yana umanjano kidogo ambao hata hujali, afu tunamenya wa kwanza una madoa ya kahawia ndani, wa pili umekauka kama kizibo cha chupa, wa tatu nusu tunakata tunawatupia kuku, yani tumeng'oa mashina ya kutosha na sufuria haijajaa. Mwaka mzima wa palizi huo.

Sasa ukisema hapo kijiweni kwamba dawa ni kubadili mbegu, watu wanagawanyika pande mbili saa hiyohiyo. Wa kwanza wanakwambia nenda Naliendele, pale nje kidogo ya mji wa Mtwara, watafiti wana mbegu zinazohimili, chukua panda acha maneno. Wa pili wanakuja juu, mnataka kutuulia mbegu za mababu mtuletee vitu vya maabara.

Hawa wa pili waulize wakutajie mbegu moja ya babu iliyo sugu. Watasema Namikonga. Na ni kweli, Namikonga inahimili michirizi kuliko karibu zote tulizonazo, ila vinasaba vyake vimeonyesha inafanana na Kaleso ya kule Kenya, na Kaleso ndo ile mbegu iliyozalishwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, enzi za Mwingereza, ikapewa namba 46106/27. Kazi hiyo ilianza 1937, wakachavusha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake ili kupata ukinzani, kizazi chake wakakichavusha tena na tena na muhogo mpaka mizizi ikawa ya kuliwa, na 1957 programu ikafungwa. Makaratasi yakabaki kwenye makabati, pingili zikatembea mkono kwa mkono, kwa shangazi kwa mkwe kwa jirani, zikafika huku zikapewa jina la nyumbani. Mtoto wa maabara huyo tunamwita wa babu! Kwa hiyo mi hoja ya asili na maabara nimeshaiweka pembeni.

Ila wasije wakafurahi sana upande wa kwanza, maana wenzao wana hoja nyingine nzito ambayo mabwana shamba huwa wanaipita mbio. Korosho ya kubebesha, ile miche ya kuunganishwa, tumeipokea bila kelele kubwa, kwa nini? Kwa sababu korosho inaenda ghalani, inaenda mnadani, akila mtu wa India au Vietnam shauri yake. Muhogo unaingia sufuriani kwangu. Mama mkubwa haulizi tani ngapi kwa heka, anauliza makopa yake yanakuwa meupe, ugali unashika au unakuwa uji, na ukiuacha ardhini mwaka wa pili utaukuta? Hilo la mwisho ndo kubwa, huku shamba la muhogo ndo ghala letu, unang'oa leo mashina mawili kesho matatu, na michirizi inavyozidi kuozesha mizizi kadiri muhogo unavyokaa ardhini watu wamelazimika kuvuna mapema, yani ugonjwa umetuvunjia ghala. Mbegu mpya ikizaa sana lakini haivumilii kukaa, bado hujamsaidia.

Afu kuna neno "kustahimili" linatumika vibaya. Chukua Kiroba, mbegu nzuri, imesambaa, mi naila. Lakini Kiroba virusi wa michirizi wanaingia, isipokuwa mizizi haiharibiki sana. Kwako ni raha, kwa jirani mwenye Albert, mbegu nyingine ambayo inapigwa vibaya, ni balaa, inzi weupe wanatoka kwako na virusi wanahamia kwake. Na wewe ukimkatia ndugu yako wa Lindi pingili kwa moyo mweupe unamfungia na ugonjwa humohumo, maana ndivyo unavyosafiri mbali, kwa pingili. Utaratibu wa mbegu iliyokaguliwa upo, ila niambie nani kijijini ananunua pingili wakati ya jirani ni bure?

Kwangu mi naegemea mbegu mpya, tena bila aibu, kwa sharti moja: zisije kama amri ya kung'oa za zamani zote. Hata watafiti wenyewe waliichavusha Namikonga na hiyohiyo Albert tunayoicheka ili wasake ukinzani umekaa wapi kwenye vinasaba, sasa ungekuta tumeshazing'oa zote wangezipata wapi? Tukipanda pingili za shina moja Mtwara nzima, siku kirusi kikibadilika tunalia pamoja.

Msimu uliopita nilimpelekea mama mkubwa pingili za kutosha mistari miwili, zimekaguliwa, nikamsihi azipande mbali na zile za zamani. Kazipanda kando ya njia, ili aone kama wapita njia watamcheka. Juzi nimempigia, anasema kang'oa shina moja, ndani mweupe. "Wa kuchemsha nimekula, hauna neno mwanangu. Makopa bado, nangoja jua."