Tazama Kulia, Tazama Kushoto

"Mama mdogo, naona mimi ndiye nitakayeondoka." Hayo ndiyo aliyoniambia binti wa dada yangu kwa simu, mwishoni mwa wiki yake ya kwanza ya kusomea uhandisi wa kompyuta chuoni. Mhadhiri alikuwa amewataka wamtazame aliyeketi kulia na aliyeketi kushoto, kisha akawaarifu kwamba mmoja kati ya hao watatu "atadisko", yaani ataondolewa chuoni kwa kufeli, kabla ya mwaka kwisha. Kulia kwake alikuwapo kijana aliyekulia nyumba yenye kompyuta. Kushoto, mwingine aliyetoka shule yenye maabara kamili. Yeye ametoka shule ya kata, na kibodi aliigusa kwa mara ya kwanza baada ya kumaliza kidato cha sita.

Kauli hiyo imeniuma sana. Wapo wanaoitetea kwamba inawaamsha vijana, nami nakubali, kwa shingo upande, kwamba uhandisi hauna nafasi ya kubembelezana, kwa sababu nguzo iliyokokotolewa vibaya huua watu. Hata hivyo, kuwaambia wageni kwamba wamekuja kuchujwa hakuwafundishi kukokotoa nguzo.

Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka katika somo la hisabati liitwalo kalkulasi. Walimu walikwisha kujijibu: hawana ari, hawakuandaliwa, wazazi wao hawajali elimu. Treisman alipowafuatilia mahali walipoishi na kusomea, alikuta kwamba walijituma sana, ila kila mmoja alisoma peke yake. Wanafunzi wa asili ya Kichina, baada ya kujisomea, walikutana, wakasahihishana, na kwa njia hiyo wakajua ni swali gani lililomshinda kila mtu. Aliyekaa peke yake, alipokwama, aliamini kwamba aliyeshindwa ni yeye tu. Treisman hakuwapunguzia mtihani. Aliwaalika katika vikundi vya kufanya hesabu ngumu kuliko zile za darasani, na matokeo yao yakapanda. Ugumu ulibaki palepale. Kilichoondoka ni upweke.

Chuo cha Harvey Mudd, hukohuko Marekani, nacho kiligawa somo la kwanza la kompyuta kulingana na uzoefu, ili wageni wasinyamazishwe na wenzao waliokwisha kuandika programu, na katika miaka michache idadi ya wanawake katika fani hiyo ikapanda kutoka asilimia 10 hivi hadi karibu 40.

Kwetu Tanzania kuna mzigo mwingine, nao ni wa lugha. Binti huyu alisoma miaka 7 kwa Kiswahili kabla ya kuvushwa ghafla kwenda Kiingereza, na mara nyingi swali analo, ila hana maneno ya kuliuliza mbele ya watu 200. Sijagusa maabara zilizo ghorofani ambako kiti cha magurudumu hakifiki. Hilo halihitaji mjadala, linahitaji fundi.

Nilimsihi atafute wenzake watatu wa kusoma nao. Jumapili iliyopita alinipigia tena, akaniambia kwamba walikaa hadi usiku wakilihangaikia swali la saba, na kwamba limewashinda wote wanne. Alilisema hilo kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia katika sauti yake tangu aende chuoni.