Ufuo wa Matema ubaki wazi kwa wenyeji

Kila unapozuka mjadala wa utalii wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Matema hutajwa kuwa hazina inayosubiri wawekezaji. Sikatai kwamba ufuo huo wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ulio chini ya Milima ya Livingstone, unastahili nyumba nzuri za wageni na barabara ya kupitika mwaka mzima. Ninachokitetea ni haki ya mwananchi wa Kyela, wilaya ulimo ufuo huo, kufika majini bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu yeye hapo ndipo anapoogelea, anapofulia, anapocheza mpira na anapoegesha mtumbwi wake.

Anayetaka kuliona hilo na aende Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko la Jumamosi. Mitumbwi huwasili kutoka Ikombe ikiwa imesheheni vyungu vya Wakisi, watu wa mwambao huo, vilivyofinyangwa na wanawake kwa mikono yao na kupangwa kwa uangalifu ili visigongane mawimbi yanapopanda. Mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole, akasikiliza kama mlio ni mzima, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Wakati akina mama wanapatana, watoto wamekwisha kujitosa ziwani, na vijana wanasubiri jua lipungue ili wagawane timu mchangani. Biashara na burudani hapo havitenganishiki, na vyote viwili vinategemea ufuo usio na uzio.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Tumezoea kuisoma kama katazo kwa mkulima wa bustani ya mboga, ambaye mara nyingi ndiye anayekumbushwa kwanza, ilhali ukuta wa mwenye fedha nao umo ndani ya katazo hilohilo. Naamini ukanda huo, ukiheshimiwa na wote, utakuwa uwanja mrefu wa umma, na wakati huohuo utayalinda maji yenyewe. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikipita katika mashamba, na kila mahali kingo zinapolimwa hadi majini, udongo huishia ziwani, huko huko watu wanakooga na kuvua.

Ufuo ulio wazi nao unahitaji usimamizi. Mdomo wa Lufilyo una mamba, na upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu ziwa huchafuka hata kwa mvuvi mzoefu. Kwa hiyo alama za tahadhari, vyoo vinavyosafishwa na mafunzo ya kuogelea kwa wanafunzi ni mambo ya lazima. Serikali za vijiji, zikishirikiana na halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa yenye makao yake Tukuyu, ziweke vigingi vya mpaka wa mita 60 na njia za kufika ufukoni kabla ya kiwanja kingine kugawiwa. Gharama zake zichangiwe na hoteli zinazonufaika na mandhari hayo, wala mtoto wa Lyulilo asitozwe kiingilio ili aoge katika ziwa la kwao.