Mchanga Ukimwagwa Tu, Serikali Hiyo!

Miaka yote niliyokaa bila ukuta huku kwetu pembezoni mwa Dar, hakuna aliyenijali. Mbuzi wa watu wanakula mchicha wangu mpaka mizizi. Bodaboda wamegeuza uwanja wangu njia ya mkato. Kuna mlevi mmoja kila Jumamosi akitoka kilabuni lazima apite dirishani kwangu saa nane za usiku: "Baba Salma, umelala?" Kiongozi hata wa dawa sijamwona. Lakini roli lilipomwaga mchanga, hata haujakauka, mtendaji wa mtaa huyo! Nyuma yake mjumbe. Nyuma ya mjumbe kijana wa ulinzi shirikishi na daftari, ambaye mpaka leo sijui alikuja kuandika nini.

"Baba Salma, kibali kiko wapi?"

Kibali cha nini jamani? Sijengi ghorofa. Ukuta! Matofali ya nchi sita yanapangwa, yanazunguka, yanaishia getini. Mtendaji akasema ukuta nao ni ujenzi, kibali kinatoka manispaa, yeye kazi yake ni barua ya utambulisho. Barua yenyewe mistari mitatu, na jina langu wamekosea.

Manispaa ndiko nilikotoka jasho. Wanataka hati, wanataka mchoro, wanataka risiti ya kodi ya pango la ardhi. Dada wa dirishani akabofya kompyuta yake, akanitolea kontroo namba ya deni la tangu enzi za yule aliyeniuzia kiwanja. Yule bwana si ndugu yangu, sijarithi kwake hata baiskeli, nimerithi deni. Nikalipa. Nilipotaka karatasi yangu, nikaambiwa mfumo uko chini. Huo mfumo una ugonjwa wa ajabu: wakati wa kupokea hela uko imara, wakati wa kutoa karatasi unazimia.

Sema benchi la pale lina elimu kuliko chuo. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa na nyumba kando ya barabara kuu, ukutani imepigwa X nyekundu. Kajenga akihesabu mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, hesabu ya zamani ile, wakati Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilishaipeleka hifadhi ya barabara mpaka mita 30 kila upande. Anasema wenzake waliokuwepo kabla ya sheria walipigwa X ya kijani, wakangoja fidia. Yeye nyekundu, maana yake vunja mwenyewe. Halafu kuna mama aliyekataliwa kwa sababu ya zile mita 60 kutoka mtoni zisizoruhusiwa kujengwa. "Mto gani? Ule mtaro!" Eti mtaro. Mtaro ambao masika ukishuka na makochi ya watu.

Mimi siko barabara kuu wala mtoni, nikajua nimepona. Afisa akaniuliza: "Bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, ziko wapi?"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Tukaenda kiwanjani na mpima ardhi. Bikoni tatu tukaziona, vichuma vyake vimetoa pua kwenye zege. Ya nne haipo. Mpima akasimika kimashine chake cha miguu mitatu, na mtaa mzima ukakusanyika kutoa ushahidi usioombwa. Mmoja anasema mpaka ulikuwa mnazi. Mnazi upi? Ulishakatwa. Mwingine anasema mpaka ni pale alipokuwa anafungwa ng'ombe wa marehemu fulani. Jirani yangu Mama Chichi kakunja mikono: "Hiyo mashine mnaiamini? Simu yangu juzi imeniambia niko Morogoro."

Mashine ikampeleka mpima moja kwa moja hadi kwenye koki ya Mama Chichi. Akafukua kidogo, akasugua sabuni iliyoganda, chuma hicho! Kumbe lile jiwe ambalo jirani yangu anasugulia magaga kila jioni ndilo mpaka unaotambuliwa na Jamhuri ya Muungano. Namba ipo, ile inayosomeka kwenye ramani. Na banda lake la kuku limeingia kwangu hatua nzima, jogoo ndiye aliyevamia zaidi.

Afisa akamwambia bikoni haing'olewi wala haihamishwi, ni kosa kisheria. Mama Chichi akajibu hajaing'oa, ameitunza. Hapo sikuwa na la kusema. Ilikuwa safi kuliko zangu zote.

Sasa kibali ninacho, chenye muhuri na masharti. Msingi na nguzo zibaki ndani ya mpaka wangu. Geti lifungukie ndani, si barabarani, na mke wangu ameninunia kwa hilo maana alishapanga maua pale ndani. Fundi naye kapandisha bei, anasema saruji imepanda. Saruji huwa inapanda tu, kushuka haikufundishwa.

Nikamfuata Mama Chichi tuchangie ukuta wa upande wetu, maana utamfaa na yeye. Akacheka. "Baba Salma, kibali kina jina la nani? Jenga. Mimi nitachangia rangi ya upande wangu."

Rangi gani?

Zambarau. Na tayari keshapima pa kuegeshea banda jipya la kuku.